Chunusi na ngozi kavu kwa pamoja: jinsi ya kujaribu bidhaa bila kuumiza uso

Hii naandika kwa ajili ya nyie wa miaka 13 mpaka 18 hivi ambao uso una chunusi na hapohapo umepauka, yani paji la uso linang'aa mafuta afu mashavu na pembeni ya mdomo ngozi inabanduka. Na wazazi pia msome maana hela ya hivyo vikopo inatoka kwenu. Watu wengi wanaamini mwenye chunusi ana mafuta mengi basi dawa ni kumkausha tu, na hapo ndo uso wa mtoto unapoanza kuharibika. Msimamo wangu ni huu: kwanza irudishe ngozi iache kuvuta na kuwasha, ndio ulete dawa ya chunusi, dawa moja tu, na uipe muda wake. Ukibadilisha sabuni leo, krimu kesho, keshokutwa rafiki kakupa seramu yake, hutakaa ujue kipi kimekusaidia na kipi kimekuunguza.

Kwanini vinakuja pamoja? Ukibalehe, homoni za androjeni (wasichana nao wanazo) zinafanya tezi za mafuta za usoni zikue na kutoa mafuta mengi, hayo mafuta yanachanganyika na seli zilizokufa yanaziba kitundu cha unywele, afu kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes ambae anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, anazaliana humo ndani na mwili unapambana nae, ndio unaona uvimbe na usaha. Siyo uchafu, na kusugua kwa nguvu hakufiki huko chini. Ukavu wenyewe ni habari ya juu ya ngozi, lile tabaka linalozuia maji yasipotee limechoka, kwa sababu ya sabuni kali, maji ya moto, upepo, au hizohizo dawa za chunusi. Kwahiyo mtu mmoja anaweza kuwa na mafuta kwenye vitundu na bado ngozi yake haina maji. Na lile neno mnaloambiwa kwamba chunusi zitaisha ukianza mapenzi au ukizaa, ni uongo, na ni uongo unaoumiza watoto wa kike hasa. Usimsikilize mtu anaekwambia hivyo, hata kama ni mkubwa.

Acha vyote kwanza

Wiki mbili usipake dawa yoyote ya chunusi ya dukani. Acha skrabu, acha tona yenye spiriti, acha kolgeti kwenye kipele, acha limau na ndimu. Ndimu naomba muiogope kabisa, ukipaka afu ukatoka juani inaweza kukuunguza ngozi ikatoka malengelenge, na doa lake jeusi likabaki miezi. Liwa na manjano ya huku pwani sina ugomvi nayo kwa anaetaka kujipamba ila kwa sasa hivi weka pembeni nayo, tunataka uso usiwe na kitu. (Kama ulichokuwa unapaka ni mkorogo au krimu ya steroidi, yani dawa kali ya kuzima uvimbe, kwa muda mrefu, usiache ghafla, ruka chini nimeandika.)

Uso unauosha mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, na ukitoka kwenye michezo umetoka jasho suuza kwa maji tu. Sabuni ya mche ni ya nguo. Hata zile za kuogea zilizoandikwa zinaua bakteria nyingi ni kali kwa uso mkavu, sabuni ya kawaida ya kipande ina pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) ya 9 mpaka 10 wakati ngozi yenyewe iko kwenye 5 hivi, ndio maana ukimaliza kunawa unasikia uso umekazwa. Tafuta fesiwoshi ya maji au ya krimu isiyo na manukato, isiyotoa povu jingi, na kama hela haipo basi asubuhi nawa maji matupu na usiku tumia sabuni ya maji ya watoto isiyo na harufu, kidogo sana, uisuuze yote iishe. Maji yawe ya uvuguvugu. Najua Njombe na Makete mwezi wa sita mpaka wa nane maji ya moto ni raha ila usoni mwagia yaliyopoa.

Mtoto wa dada yangu anasoma bweni Dodoma. Kule upepo ni mkavu na maji ya visima mengi yana chumvi, sabuni haitaki kutoa povu, kwahiyo mtoto anaongeza sabuni, inabaki usoni. Alinipigia siku ya kutembelewa akaniambia mamdogo nikicheka uso unauma. Hakuhitaji dawa kali zaidi, alihitaji kupunguza sabuni. Nikamwambia awe anaweka maji ya kunywa kidogo kwenye kikombe, ya kusuuzia uso mwisho tu. Kama uko sehemu ya maji ya chumvi fanya hivyo, kikombe kimoja kinatosha.

Losheni ndio bidhaa ya kwanza kujaribu

Mwenye chunusi anaogopa kupaka mafuta, naelewa, ila ngozi iliyochanika haiwezi kuvumilia dawa yoyote ya chunusi kwahiyo hapa hapakwepeki. Unachotafuta ni losheni nyepesi au krimu ya uso isiyo na manukato, kwenye lebo uone gliserini, seramaidi au asidi ya hayaluroniki, yani vitu vinavyosaidia ngozi kushika maji, na iwe imeandikwa haizibi vitundu, kwenye kopo inaandikwa non-comedogenic. Hilo neno sio garantii, hakuna anaelisimamia sana, lakini ni pa kuanzia. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwahiyo kama gliserini iko ya pili au ya tatu hiyo ni losheni inayofanya kazi, kama ipo mwishoni kabisa baada ya manukato ujue wameiweka kwa jina tu.

Krimu za seramaidi za nje kama CeraVe na Cetaphil ni nzuri ila bei zake zinaumiza, na feki zipo. Nunua famasia sio kwa mtu wa mtandaoni asiye na duka, angalia tarehe ya kuisha na namba ya toleo, angalia kile kichoro cha kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M ndani, maana yake ukishafungua itumie ndani ya miezi hiyo. Kama bajeti ni ndogo kuna gliserini ya famasia, chupa ndogo, bei rahisi. Usiipake kavukavu, inanata na kwenye hewa kavu inaweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe. Weka matone mawili kiganjani, changanya na maji hapohapo, paka uso ukiwa bado una unyevu, afu juu yake losheni au Vaseline kidogo sana sehemu zinazobanduka. Usichanganye chupa nzima na maji ukaiacha kwenye tranka, itaota wadudu. Vaseline yenyewe haizibi vitundu kama watu wanavyosema, ila kwa joto la Dar au Tanga inakaa nzito usoni na inashika vumbi, itumie kwenye midomo, kona za pua na pembeni ya mdomo. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao weka miguuni na mikononi, usoni kwa mwenye chunusi hapana.

Kabla hujapaka uso mzima ijaribu chini ya taya karibu na sikio, usiku, siku nne tano mfululizo. Ngozi zetu nyeusi haziwi nyekundu sana zikikasirika kwahiyo usisubiri kuona wekundu, angalia kama panawasha, panachoma, pamekuwa peusi zaidi au pametoka vipele vidogo vidogo. Pakiwa salama, paka uso wote mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Kuna watu wakifanya hili tu, bila dawa yoyote, uso unatulia vizuri kabisa.

Sasa dawa, moja

Ukiona unanawa uso hauvuti na hakuna panapobanduka ndio uende famasia. Majina ninayoyataja mtamkie mfamasia atakuelewa. Cha kununua kinategemea chunusi zako zikoje.

Kama nyingi ni vichwa vyeusi na vipele vidogo vyeupe visivyouma, mimi naona adapalini 0.1% ndio bora. Ni retinoidi, yani dawa ya jamii ya vitamini A, inazuia vitundu visizibe tangu mwanzo. Marekani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2016, kwa kuanzia miaka 12. Kwa mwenye ngozi kavu siri yake ni kwenda taratibu: usiku, nawa, subiri uso ukauke kabisa, paka losheni kwanza, afu adapalini ya kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso MZIMA, sio punje kwa kila kipele, afu losheni tena juu. Mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili za mwanzo, ukiwa sawa nenda siku moja paka siku moja ruka, ukivumilia ndio kila usiku. Kaa mbali na macho, kona za pua na kona za mdomo. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuonekana zimeongezeka kidogo na ngozi kubanduka, hapo wengi wanatupa. Usitupe, punguza siku. Matokeo ni wiki ya 8 mpaka ya 12. Na mwenye mimba au anaedhani anaweza kuwa nayo asiitumie.

Kama nyingi ni zile zilizovimba, zinauma, zina usaha, anza na benzoili peroksaidi. Hii inaua wale bakteria. Chukua 2.5%, inafanya kazi karibu sawa na ya 5 na ya 10 na inaunguza kidogo, watu wananunua ya 10 wakidhani ndo yenye nguvu afu uso unachubuka. Tatizo maduka mengi utakuta ya 5 tu, basi ipake dakika tano ukiwa unaoga afu isuuze, ikizoeleka nenda dakika kumi. Kwa mwanafunzi wa bweni hii njia ni rahisi, unamaliza bafuni. Ila inafuta rangi ya nguo, taulo, foronya, mtandio, sweta la shule, kila inachogusa. Tumia taulo jeupe na uhakikishe umesuuza vizuri mpaka shingoni.

Asidi ya salisiliki, 0.5 mpaka 2%, ndio iko kwenye fesiwoshi nyingi za chunusi. Ni ya upole kwa vichwa vyeusi lakini inakausha, kwa mwenye tatizo letu hili mimi naiweka ya tatu. Asidi ya azelaiki, krimu ya 20% au jeli ya 15%, sio kila famasia wanayo, ila ukiipata ni nzuri sana kwa sababu inatibu chunusi na inapunguza yale madoa meusi yanayobaki, na hata mjamzito anaruhusiwa. Wiki za kwanza inachomachoma kidogo na kuwasha.

Chagua MOJA kati ya hizo. Usinunue mbili kwa pamoja kwa sababu ulikuwa na hela siku hiyo. Baada ya wiki 12, kama imesaidia nusu tu, ndio unaongeza ya pili, kwa mfano benzoili asubuhi na adapalini usiku, hizo mbili zinaelewana.

Andika

Chukua daftari, hata la zamani. Tarehe ulioanza kitu, jina lake, bei, ulivyosikia usiku wa kwanza, ulivyosikia baada ya wiki. Kila Jumapili hesabu chunusi mpya zilizovimba, basi, usihesabu kila siku, kujiangalia kwenye kioo kutwa kunakuchosha roho na kunakufanya ukamue. Walio nyumbani wapige picha mara moja kwa wiki, dirisha lilelile saa ileile. Walio bweni najua wengi hamruhusiwi simu, basi andika tu na mama akupige picha ukirudi likizo. Wasichana waandike na siku za hedhi, wengi chunusi zinaongezeka wiki moja kabla, ukishajua hilo hutailaumu losheni bure. Andika na chakula ukitaka. Vinavyotajwa sana kwenye utafiti ni sukari nyingi, vinywaji vitamu na maziwa, karanga ambazo kila mtu anazilaumu sijaona ushahidi wa maana.

Kuhusu kuchoma: ikichoma kidogo dakika moja afu ikaisha, endelea. Ikiwa hata losheni yako ya kila siku inachoma ukipaka, simamisha dawa, rudi kwenye kunawa na losheni peke yake mpaka itulie, afu anza upya na siku chache zaidi. Huko sio kushindwa, ndivyo dawa hizi zinavyotumika. Uso ukivimba, macho yakivimba, ukitoka vipele vya kuwasha mwili, hiyo ni aleji, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Krimu inayotibu kwa siku tatu

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna krimu mtauziwa kwenye maduka ya vipodozi, au mtachanganyiwa kwenye kopo lisilo na lebo, na kweli baada ya siku tatu nne chunusi zinatulia na uso unang'aa. Nyingi ndani yake kuna steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, nyingine haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki. Steroidi inazima uvimbe kwa muda tu, ukiacha zinarudi nyingi zaidi, vipele vinafanana vyote, ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, nywele zinaota mashavuni. Zebaki inaingia mwilini na inaharibu figo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, wanaosimamia ni TBS, shirika la viwango, lakini bado zinauzwa. Kwenye lebo soma hydroquinone, mercury, clobetasol, betamethasone, ukiona moja usinunue kama hujaandikiwa na daktari. Hakuna lebo, hakuna mtengenezaji, ahadi ni kung'aa kwa siku saba? Rudisha. Na kama umeshatumia miezi, usione aibu na usiache ghafla peke yako, nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Mkubwa aliyekupa alikupenda, hakujua kilichomo.

Madoa, jua na mambo ya bwenini

Kila chunusi unayokamua kwenye ngozi nyeusi inaacha doa, na doa linakaa miezi, ndio maana natibu chunusi kwanza kabla ya kuhangaika na madoa. Adapalini inakufanya uungue haraka na jua kwahiyo asubuhi baada ya losheni paka sanskrini, krimu ya kukinga jua, ya SPF (kipimo cha kinga yake) 30 au zaidi. Nyingi zinaacha weupe usoni na kwa mwanafunzi hiyo ni kero, jaribu ya jeli, na ijaribu chini ya taya kama vingine vyote. Huna hela? Kofia, kivuli, mtandio, vinasaidia.

Vipele vidogo vingi kwenye paji la uso tu, karibu na nywele, angalia mafuta ya nywele kabla hujanunua kitu kingine. Mafuta mazito ya kichwani yanashuka na jasho yanaziba vitundu. Paka kidogo, nyuma ya mstari wa nywele, funga kitambaa safi usiku, na foronya ifuliwe kila wiki. Kama vinawasha sana na vyote vina saizi moja inaweza kuwa fangasi na benzoili haitakusaidia sana, hapo unahitaji dawa nyingine. Pia magamba ya njano kwenye kona za pua na nyusi mara nyingi ni mba ya uso sio ukavu, losheni haitaimaliza. Taulo na krimu zako usichangie. Kikopo cha kuchovya vidole watu sita bwenini hakifai, nunua cha kubana au cha pampu.

Lini uache kujaribu mwenyewe

Chunusi kubwa za ndani zinazouma ukizigusa, zinazoacha mashimo au makovu yaliyoinuka, hizo usizisubirie wiki 12, makovu hayarudi nyuma. Vilevile kama familia yenu mna makovu yanayovimba. Vilevile msichana ambae hedhi inapotea miezi na nywele zinaota kidevuni, homoni zinahitaji kupimwa. Na kama umetumia dawa moja vizuri wiki 12 na daftari halionyeshi tofauti. Na kama hutaki kutoka chumbani, hutaki kupigwa picha, unakaa nyuma darasani ili usionekane, hiyo peke yake inatosha kwenda, mwambie mzazi au matroni unaemwamini. Daktari ana dawa ambazo famasia hawaruhusiwi kukupa hivihivi, kuna antibayotiki za kumeza na kuna isotretinoini kwa zile kali, ambayo inaleta madhara makubwa kwa mimba kwahiyo usiinunue kichochoroni kamwe.

Wataalamu wa ngozi hawapo Muhimbili peke yake. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha ngozi tangu 1992 kinachofundisha madaktari na maofisa tabibu wa ngozi, na waliosoma pale wako hospitali nyingi za mikoa, ulizia hospitali ya mkoa wenu siku gani ni kliniki ya ngozi. Siku hiyo usipake kitu chochote usoni asubuhi ili waione ngozi yenyewe, beba daftari, na weka kwenye mfuko kila kopo ulilowahi kutumia, hata yaliyoisha, hata lile lisilo na lebo.